Kukata Shauri

Gašper wa duka la chini ya kanisa
ananiletea skii za maua:
pana kiunoni, laini kama mkate wa asubuhi.
"Za kike," anasema, "zinasamehe."
Namwuliza: nimekosa nini?

Nina miaka hamsini na minne.
Kazi yangu kuchonga meno ya bandia, huko Jesenice;
milimita moja naijua kwa jina na kwa tabia.
Ndiyo inayomtenga mzee anayecheka
na mzee anayeziba mdomo kwa kiganja.
Basi usiniambie themanini na nne na sitini na nane
ni mamoja.

Upana ni wa wale waingiao msituni,
kwenye theluji ya kina, isiyokanyagwa,
waelee kama malai juu ya maziwa.
Theluji hiyo kwetu huja mara tatu kwa msimu
na kila mara huja Jumanne, niko kazini.
Mlima wangu ni huu, uliochanwa usiku na mtambo,
mistari kwa mistari, kama kichwa kilichosukwa kwa sikukuu,
na chini ya msuko, utosi mtupu: barafu.
Barafu haielewi kuelea. Inaelewa makali.

Nilijaribu jozi tatu.
Ya maua ilichelewa:
nalaza goti, nasubiri,
kama kumwita mtoto mwenye simu mkononi.
Ya pili nyepesi, ina adabu,
ikaenda vyema hadi nilipoongeza mwendo,
ncha zikaanza kutetemeka
kama kikombe juu ya kisahani cha mgeni mwenye haya.
Ya tatu nyeusi, bila ua hata moja,
bamba la metali limelala tumboni,
kiuno sitini na nane.
"Hiyo ina kiburi," Gašper alinionya.
"Ukikaa nyuma, inakutupa."
Mimi sikai nyuma.

Baba alikuwa mtu wa tanuri, miaka thelathini na moja.
Alinoa kingo za skii zetu jikoni,
tupa ikilia, mama akilalamika,
kisha akapitisha ukucha wa gumba juu ya makali:
ukitoka unga mweupe, haya, nendeni.
Tulikwenda, mimi na Darinka wa nyumba ya pili.

Kukata kona si kuteleza ubavu ukiparua mlima
kama mtu akwanguaye ukoko wa sufuria.
Ni kuilaza skii, kuiamini,
mpaka ijikunje kama upinde ikuchukue yenyewe,
mguu wa nje ukibeba deni lote,
nyonga ikikaribia theluji,
na sauti yake ni mkasi
ndani ya kitambaa kipya.
Msumeno, wasema watu, hukata mbele na nyuma.
Hizi hukata kushoto na kulia,
wala hazina upendeleo.

Sisemi hazina kasoro. Saa saba mchana,
jua likishaigeuza njia kuwa uji,
zinazama, zinanaswa, zinanitukana.
Nazivua. Nanywa chai.
Chembamba hakilazimiki kuwa kila kitu.

Nimekata shauri, Gašper.
Funga vishikio kwa buti langu hili.
Nusu ya bei leo, nusu baada ya Pasaka.

Saa mbili na nusu asubuhi, mteremko wa kwanza,
kisha narudi juu kwa kiti cha waya.
Kiti ni cha watu wawili;
upande wa pili naweka glavu.
Chini yangu naona nilipopita:
mistari miwili, myembamba kama ya wembe,
inapinda, inarudi, inapinda.

Zamani ilikuwa minne.
Yake ilizunguka mbali, ikakatiza yangu, ikatoka tena,
na njia nzima ya kupanda tulibishana
ya nani iliyo safi.

Leo ni yangu.
Hakuna wa kubisha.